Mwalimu Ndunguru Alipokuja na Karai

Usiku ule nililala nikiwa nimeshafunga begi. Nje nilibakiza suruali ya kusafiria, fulana moja na mswaki. Mimi si mtu wa ndoto, niliseme hilo mapema. Nikilala nimelala, na asubuhi wenzangu wakianza kusimulia walivyoruka angani au walivyofukuzwa na ng'ombe, mimi huendelea na chai yangu. Lakini ile niliiota, na kila nikiulizwa habari za msimu ule huanzia hapo.

Wenzangu huanza na mchezo wa mwisho. Husimulia jinsi timu yetu, ya mji mdogo wa viwanda vya karatasi huko Japani, timu iliyozoea kushika mkia wa ligi, ilivyopanda nafasi moja baada ya nyingine mpaka watu wazima wakawa wanafunga maduka mchana ili waje uwanjani. Yote hayo ni kweli. Ila kwangu mimi msimu ule ulikuwa na siku moja tu ya kuamua, na siku hiyo hapakuwa na mchezo wowote.

Nilikuwa nacheza besiboli ya kulipwa, na kazi yangu ilikuwa kurusha. Kwetu wachache wanaujua mchezo huo, kwa hiyo nieleze kidogo. Mrushaji husimama katikati ya uwanja, juu ya kituta cha udongo ambacho sisi tulikiita kichuguu, akamrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Ukimrushia mipira minne mibovu, mpigaji anapewa bure kituo cha kwanza cha kukimbilia, anatembea zake huku akikuangalia. Mimi niliwatembeza watu mpaka aibu. Timu ilikuwa inashinda, lakini siku ya kurusha mimi inafungwa. Mipira yangu ilikuwa inapaa. Kenji, mdakaji wetu, ambaye kazi yake ni kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mpira, alikuwa akirukaruka kama mtu anayeangua mapera. Na huyo Kenji ndiye niliyelala naye chumba kimoja bwenini, kwa hiyo jioni nilimwona akijichua magoti na sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

Kocha wetu, mzee Morita, alinieleza mara nyingi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyepandisha sauti. Aliinamisha kiganja chake kunionyesha mteremko, akasema, Kenji akinitafsiria, "Shuka. Kichuguu kinashuka, na wewe shuka nacho." Nami nilijibu ndiyo, kocha, kisha nikarusha vilevile. Kichwa changu kigumu, mama yangu ni shahidi. Niliwaza moyoni, huyu mzee anataka kuuharibu mkono ulionivusha bahari.

Mwishoni nikapata njia ya kutokea. Nikasema bega linauma. Daktari wa timu akanibonyeza hapa na pale, nami nikaguna panapostahili kuguna. Akaandika. Kesho yake saa tatu asubuhi nilitakiwa ofisini kwa kocha kutia saini kwamba nimeumia, mkataba unavunjwa kwa heshima, ndege ni jioni. Nyumbani nilishapiga simu. Mama alilia, akaniambia pole mwanangu, rudi upone. Nilijiona mjanja sana. Aliyeshindwa hurudi kwao akipita njia za uchochoroni, aliyeumia hupokewa kwa kuku. Basi nikazima taa nikalala.

Nikasikia mtu anakwangua udongo.

Niliinuka, au nilidhani nimeinuka, na ukutani mwa chumba chetu palikuwa na ubao. Ulikuwa ubao mweusi wa darasa letu la kidato cha tatu kule Mbinga, na juu yake imechorwa ramani ya Afrika isiyokuwa na Madagaska. Mwalimu mmoja tu ndiye aliyekuwa akichora Afrika hivyo. Tukimkumbusha Madagaska alikuwa akisema, "Itakuja yenyewe," akaendelea na somo.

Huyo ni Mwalimu Ndunguru. Alinifundisha jiografia, na yeye ndiye aliyenifundisha besiboli. Alifariki kwa kisukari mwaka mmoja kabla ya usiku ule, mimi nikiwa Japani kwenye timu ya akiba, kabla sijaletwa kwa kocha Morita. Sikwenda kumzika. Ningeomba ruhusa wangenipa, lakini sikuomba, niliogopa nikiondoka nafasi yangu itachukuliwa na mwingine. Nyumbani niliwaambia nimekatazwa. Naona haya kuyaandika haya, lakini nikiyaruka hamtaelewa nilivyoogopa nilipomwona.

Amesimama mlangoni. Amevaa suruali yake ya kahawia yenye chaki karibu na mfuko wa kushoto, sweta la baridi ya kwetu, na kandambili. Mkononi ana karai tupu. Kenji amelala kitanda cha pili, amegeukia ukutani, hajui kinachoendelea.

"Shikamoo, Mwalimu," nasema.

Haitikii. Ananitazama vile alivyokuwa akitutazama akiita majina asubuhi, akihakikisha kwamba aliyeitika ndiye mwenyewe. Kisha anageuka, anatoka. Ninamfuata peku. Nilijua nje ya mlango ule kuna ujia mrefu na mashine ya kuuza soda, lakini sasa hakuna. Kuna uwanja wa shule yetu, na ni asubuhi, na ukungu umelala juu ya mibuni, na udongo ni mwekundu na umelowa. Sishangai hata kidogo. Ninachofikiria ni kwamba nimechelewa gwaride.

Kuhusu uwanja ule kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na hapa ni lazima nilitoe.

Shuleni tulicheza besiboli kwenye uwanja wa mpira wa miguu. Mkuu wa shule alikataza kujenga kichuguu, akasema kipa wake hawezi kukaa golini na kilima mbele ya macho. Kwa hiyo warushaji tulisimama kwenye ardhi tambarare, mbele ya goli, na kwa kuwa kila anayerusha hujisukuma kwa mguu wa nyuma, pale mahali pakawa panachimbika kila siku. Mwalimu akaweka sheria, aliyoipata kwa Mjapani wa kujitolea aliyemfundisha yeye. Ukimaliza kurusha unachukua karai, unakwenda kuleta udongo, unafukia shimo lako mwenyewe na kulishindilia. Humwachii mwingine. "Sisi Wamatengo tunalima kwa mashimo," alikuwa akisema, "lakini hatuchezi kwa mashimo." Tulicheka, maana kweli kwetu mashamba ya milimani ni mashimo yaliyopangwa safu kwa safu, mvua ikinyesha maji yanakaa humo yasichukue udongo.

Mwaka wa kwanza nilifukia. Mwaka wa pili, siku moja baada ya mvua, nikakuta shimo halijafukiwa, kina chake kinameza kifundo cha mguu. Nikarusha hivyohivyo. Mguu wa nyuma ukiwa shimoni ilinibidi nipande, mwili ukaegemea nyuma, na mpira ukatoka chini ukawa unapaa. Wapigaji wakapiga hewa. Mchana kutwa hakuna aliyeugusa. Tangu siku hiyo nikawa silifukii. Nalifunika kwa majani makavu, juu natandaza vumbi, Mwalimu akipita anaona pako sawa. Wadogo wakija na karai la udongo wafukie pale, nawaambia wakaumwage kule kwenye mahindi. Kipa mmoja alitegua mguu, ikasemwa ni shimo la fuko, yule mnyama mchimbaji. Tukienda kucheza ugenini nachimba kwanza kwa kisigino, najifanya natafuta pa kukanyaga. Nikawa maarufu. Wajapani wawili walipokuja kutafuta vijana walinitazama hapohapo kwetu, wakanipiga picha za video, na Mwalimu akawaandikia barua ya kunisifu. Sikuwahi kuisoma barua hiyo. Niliamini ameandika juu ya mkono wangu, na niliamini amekufa akiuamini.

Sasa Mwalimu anatembea mbele yangu kwenye umande. Anachechemea. Mguu wa kulia ndio uliokuwa na kidonda miezi yake ya mwisho, walinisimulia kwenye simu, na ndotoni anachechemea huohuo. Anafika mbele ya goli, anapiga magoti polepole, anaweka karai kando. Anaanza kuondoa majani makavu. Hapapasi kutafuta. Anajua pa kuanzia.

Nataka kumwambia aache, nitaondoa mwenyewe, lakini mdomo wangu mzito. Anaondoa jani baada ya jani, na shimo linatokea, na si lile la kufika kifundoni. Lilikuwa la kufika gotini. Nilipotazama tena lilikuwa la kiuno, nami nilikuwa nimesimama ndani yake, nimevaa jezi ya timu, na kuzunguka ukingo kulikuwa na watu wamevaa khanga na makoti. Niliwatambua. Mke wa Mwalimu alikuwepo. Walikuwa wanachota udongo mkononi na kuudondosha, mmoja mmoja, bila haraka, na kila aliyemaliza alirudi nyuma kumpisha mwingine. Nikaelewa kwamba haya ndiyo mazishi ambayo sikuhudhuria. Nililia pale, nilie wapi tena kama si hapo. Mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama kati ya waombolezaji, mzima, na zamu ilipofika kwangu akanipa karai kwa mikono miwili.

Nikatoka shimoni. Nikaenda kuchota udongo.

Nilikwenda mara nyingi. Udongo ulitoka chini ya mibuni, mbali, na kila nikirudi watu wamepungua, mpaka nikabaki na Mwalimu peke yake, amekaa juu ya jiwe akinyoosha mguu wake mbovu. Hakunisaidia. Kazi ile haikuwa na karaha yoyote. Mikono iliniuma, nikafurahi kwamba inauma kweli. Nilipojaza nikapanda juu nikaanza kushindilia kwa miguu, na kadiri nilivyoshindilia, ardhi badala ya kwenda chini ikawa inakuja juu.

"Marahaba," akasema Mwalimu.

Nilipoinua uso hapakuwa tena na mibuni. Niko juu ya kichuguu cha uwanja wetu wa Japani, jua limepanda, viti vyote vitupu. Kule anakokaa mdakaji amechuchumaa Mwalimu Ndunguru. Hana glavu wala kinga ya uso. Amenyoosha viganja vitupu, na kandambili zake amezivua, ameziweka sambamba pembeni.

Nikarusha. Mpira ukapaa, ukapita juu ya kichwa chake mbali kabisa, ukagonga ukuta wa nyuma.

Mwalimu akainuka. Akaenda kuufuata. Ni mwendo mrefu kwa mtu mwenye mguu ule, na mimi nimesimama juu, siwezi kushuka kumsaidia, miguu yangu imeota mizizi. Anauokota, anaufuta kwa sweta, anarudi akichechemea, ananirudishia. Anachuchumaa tena. Narusha tena. Unapaa tena. Anainuka tena.

Sijui alikwenda mara ngapi. Katika miezi minne nilikuwa nimewaonea haya wapigaji, watazamaji, hata Kenji na magoti yake, lakini haya ile haikunizuia kuendelea. Hii ilinishinda. Kila mpira wangu mbovu ni yeye aliyeufuata, marehemu mwenye kidonda, wala halalamiki, wala hapunguzi mwendo. Mara ya mwisho alipoinama kuuokota nikaona anashika ukuta kwanza.

"Mwalimu, basi," nikasema. "Basi. Nionyeshe tu nifanyeje."

Akaja mpaka chini ya kichuguu, mpira mkononi. Hakupanda. Aliutazama mteremko ule vizuri, akiushangaa, kama mgeni anayetazama kitu alichokisikia kwa muda mrefu.

"Mimi sijui," akasema. "Sijawahi kusimama hapo. Nilichokijua nilikupa chote."

"Shimo ulilijua?"

"Fuko gani anayefunika shimo lake kwa majani makavu?"

Hata ndotoni niliona uso unanichoma. Alikuwa ananitania vilevile alivyonitania darasani nilipoweka Dodoma kando ya ziwa, bila kucheka, macho tu yakiwa na kitu ndani yake.

"Na barua ukaandika."

"Niliandika nikijua. Kwetu kichuguu hakipo, na anayekifahamu hayupo. Nikasema huyu apelekwe kilipo." Alikuwa akihema. "Umekaa na mwenye kujua miezi minne, Kapinga. Miezi minne unamwambia ndiyo."

Aliniita Kapinga, kama siku zote, jina la babu yangu, maana hakuwahi kumwita mwanafunzi jina la kwanza. Akaniwekea mpira mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

"Kesho nenda ukaseme hujui."

Nikafungua mdomo kumwomba msamaha, kwa shimo, kwa mazishi, kwa simu ile ya uongo. Nilikuwa na mengi. Lakini alishageuka, amebeba karai lake, anaelekea kwenye lango la wachezaji, na nuru ya pale langoni ilikuwa nyeupe kama ukungu wa kwetu. Sikuona akiingia. Nilikuwa nimekaa kitandani, ngumi yangu ya kulia imekaza, ndani yake hamna kitu, na dirishani kumeanza kupambazuka.

Sikulala tena wala sikulia. Niliosha uso. Nilijiona mwepesi na mwenye hasira kidogo, hasira nzuri, ile inayomfanya mtu aikamilishe kazi. Tatizo lilikuwa moja. Kijapani changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Nilijua kusema ndiyo, asante, samahani, nimeshiba, na bega linauma. Neno la kusema sijui sikuwa nimelihitaji, kwa sababu nilihakikisha silihitaji.

Nikamwamsha Kenji. Aliketi nywele zimesimama, akalitazama begi langu, akadhani namuaga. Tulikuwa tukielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza, yeye chake na mimi changu. Nikamwambia nataka neno moja tu la Kijapani. Alinisikiliza, akalisema, nikalirudia, akanisahihisha, nikalirudia. Kisha nikamweleza bega langu halina lolote. Nilidhani atanipiga, na angekuwa na haki. Badala yake akaanza kuvaa soksi, akasema anakuja nami, maneno mengine atanisemea yeye.

Saa tatu kamili tulikuwa ofisini. Kocha Morita ameketi, karatasi zangu mbele yake, kalamu juu ya karatasi. Sikukaa. Nilimwambia kupitia kwa Kenji kwamba bega langu ni zima, kwamba nilimdanganya daktari na nilimdanganya yeye. Kwamba kurusha nilijifundishia shimoni, na juu ya kile kichuguu mguu wangu hauoni pa kutua. Kenji alitafsiri akiwa ametazama sakafu. Halafu nikamgusa bega anyamaze, na lile neno nikalisema mwenyewe, taratibu, lisiharibike njiani. Sijui. Nikaongeza samahani, maana hiyo nilikuwa nayo.

Kocha hakukasirika. Aliuliza shimo gani, nikachuchumaa palepale kwenye zulia kumwonyesha, mguu wa nyuma chini, mwili nyuma, mkono unapanda. Alitazama mpaka mwisho. Akasema sitarusha kwenye mchezo wowote mpaka atakaposema yeye, na huenda asiseme msimu huu. Nikakubali. Akasema mwezi mzima sitagusa mpira, nitapanda na kushuka kichuguu mikono mitupu, kila siku, kabla wengine hawajafika. Nikakubali. Akasema nitakwenda kwa daktari kumwomba radhi ana kwa ana. Hilo lilikuwa gumu zaidi, lakini nalo nikalikubali.

Kisha akauliza kwa nini leo, kwa nini si jana.

Nikamwambia mwalimu wangu wa shule amekuja. Kenji akatafsiri. Kocha akauliza kama yuko mjini, ili akamsalimie. Nikasema hapana, kocha, alifariki mwaka jana.

Mzee akasimama, akazunguka meza, akaviweka viganja vyake mapajani na kuinama kwa salamu ya kwao ya heshima mpaka mgongo ukalala, wala hakuniinamia mimi. Aliinamia mlangoni, pale ambapo mtu aliyenisindikiza angekuwa amesimama. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akajinyoosha, akatundua kofia yake msumarini, akaniambia tuanze.